Dume Ambaye Hakuandikwa

Daftari la Hallbera la nasaba za kondoo wake lilijulikana bonde zima. Kwa miaka arobaini hakuwahi kukosea mama wala baba wa kondoo hata mmoja, na asiyeamini aliambiwa aje jikoni ahakikishe mwenyewe. Jumatatu hiyo aliyekuja ni Torfi, jirani wa ng'ambo ya uzio, daftari lake kwapani, uso umemshuka.

Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umeingia zizini kwake. Ukishaingia, kundi zima linauawa, na malori yangekuja Alhamisi kuchukua kondoo mia tatu. Wangeachwa wale tu wenye kinga katika damu. Mpaka siku hiyo kinga ilikuwa imeonekana kwa kondoo wawili tu: Grána wa Torfi na Golta wa Hallbera. Kabla ya Alhamisi maabara ingeweza kupima wengine ishirini, basi.

"Daktari wa mifugo kasema tutafute wanapokutana hawa wawili," Torfi alisema, kahawa yake haijaguswa. "Tukimpata babu yao mmoja, tunapima uzao wake. Tukibahatisha, nimekwisha."

Wakaanza kupanda ngazi za ukoo. Mama huku, baba kule. Mama wa mama, baba wa mama. Kila jina la upande wa Grána wakalitafuta upande wa Golta. Bibi yake Grána alikuwa binti wa Skuggi, dume aliyenunuliwa mbali, na hapo karatasi ya Torfi ikaishia. Bibi yake Golta alikuwa Perla, binti wa Logi, dume wa Hallbera mwenyewe. Wakapanda mpaka juu kabisa. Hakuna jina lililofanana.

"Hawakutani," Torfi akasema. Akafunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika maiti. "Basi tena, jirani. Nitachagua ishirini kwa kufumba macho."

Hallbera alitazama kombe la fedha juu ya kabati. Perla ndiye aliyelishinda kwenye maonyesho ya kondoo ya Septemba, miaka kumi na miwili iliyopita. Desemba moja Skuggi aliruka uzio, na Mei iliyofuata kondoo wa Hallbera akamzaa Perla, mwenye sikio jeusi la Skuggi, tena mzuri ajabu. Na Hallbera, kwa mdomo wake, alishawaambia watu wote kwamba dume la Torfi linafaa supu tu. Angeuweka wapi uso wake? Akaandika: baba, Logi.

Sasa alichukua penseli. Akalikata jina la Logi.

"Baba yake Perla si Logi," alisema. "Ni Skuggi wako. Nilijua tangu siku aliyozaliwa."

"Perla wa kombe?"

"Huyo huyo."

Torfi akaisukuma kahawa pembeni.

"Septemba ile ile ya kombe nilimchinja Skuggi," alisema. "Ulinicheka mbele ya watu, nikajiambia, kweli, dume gani hili halijaleta cha maana. Mabinti zake nikawauza karibu wote." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Hallbera zaidi. "Ungeandika ukweli, nusu ya kundi langu leo ingekuwa uzao wake."

"Najua."

"Hujui. Wewe wako wote wapo."

Akafungua tena daftari, akaanza kuwatafuta waliobaki wa damu ya Skuggi. Walikuwa kumi na wanane. Wakapimwa. Alhamisi malori yalipoondoka, kati ya kondoo mia tatu walibaki tisa wenye kinga, Grána akiwa mmoja wao.

Siku hiyo Hallbera alilia, mlango umefungwa. Ijumaa asubuhi alilibeba kombe, akaliweka kizingitini kwa Torfi bila kubisha hodi.

Jumapili alimwona Torfi malishoni na wale tisa. Alikuwa akiwachotea chakula kwa lile kombe. Hallbera alipunga mkono kutoka uzioni. Torfi alimwona, lakini hakupunga; akainama, akaendelea kuchota.