Mkebe Haufunguliwi

Kwenye karakana ya kupimia makaa ya mawe walimwita Kobe, naye aliitika tu, maana kazi yenyewe ilitaka mtu asiye na pupa. Kipande cha makaa kikitolewa chini ya ardhi, kilitumbukizwa upesi kwenye mkebe wa chuma na kufungwa kabla gesi yake haijatoroka. Ubavuni mwa mkebe ulitoka mpira mwembamba hadi kwenye bomba la kioo lenye maji. Makaa yakipumua, maji yanashuka. Kobe aliyakodolea macho, akimwambia Injinia yalipofika. Mwanzoni yalishuka mbio. Sasa yalijivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Lakini mkebe huu haukuwa kama mingine. Makaa yake yalichimbwa chini ya mtaa wa mama yake. Gesi ikionekana nyingi, nyumba zinabomolewa, visima vya gesi vinachimbwa. Ikiwa kidogo, mama anabaki na jiko lake na majirani zake wa kugombana nao.

Bosi aliingia na spana mkononi.

"Injinia, wageni wa mradi wa gesi wako njiani. Chukua ile kasi ya siku ya kwanza, hesabu nayo mpaka mwisho, gesi ionekane nyingi. Na huu mkebe ufunguliwe, wayaone makaa kwa macho yao."

"Bado yanatoa gesi, bosi," Injinia alisema, akitazama viatu vyake. "Tukifungua sasa, hatutajua tena kiasi chenyewe."

"Si ndiyo maana kuna kukisia! Kobe, shika, fungua."

Kobe aliipokea spana. Akaitia mfukoni mwa aproni, akavuta sketi vizuri, akaketi juu ya kifuniko.

Bosi aliangua kicheko. "Unaatamia, we binti?"

"Naatamia, bosi. Na nikiatamia huwa nadonoa."

Injinia alijikohoza. Bosi akanuna.

"Najua mama yako anakaa wapi. Unaogopa gesi isije ikawa nyingi, siyo?"

"Naogopa, nikudanganye nini? Ikiwa nyingi, mizigo ya mama nitaifunga kwa mikono yangu hii. Lakini ahamishwe na gesi, si na kisio lako."

"Huna kazi kuanzia sasa!"

"Haya, sina. Basi na amri zako sizipokei."

Nje magari yalisikika yakizimwa. Bosi alimgeukia Injinia, mishipa ya shingo imemtoka. "Mtoe hapo!"

Injinia alisimama. Kobe alikaza magoti, akashika kingo za mkebe kwa mikono miwili. Injinia akabeba kiti chake, akakiweka katikati ya Bosi na ule mkebe, akaketi.

"Dada," aliuliza bila kugeuka, "maji yamefika wapi?"

Kobe aliinamia kioo.

"Yamesogea kidogo tu, kaka."

"Basi bado tunapima."

Wageni walipoingia, waliwakuta wawili wameketi, na Bosi amesimama hajui mikono aiweke wapi.