Mgeni Asiyesalimiwa

Ugbad alikuwa amechoka, tena amechoka vibaya. Siku ya tatu hii mgeni amekaa kwenye benchi la ofisi yao ya misaada mjini Garissa, kimya kama jiwe. Dereva wa lori alimwacha hapo, akasema amemwokota karibu na mpaka wa Somalia, akaenda zake. Hana karatasi wala jamaa, na asipotambuliwa kufikia kesho atashtakiwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria.

Uso wake ulikuwa wa ng'ambo, kwa hiyo hakuna aliyemjaribu kwa Kisomali; walimwuliza kwa Kiswahili: jina lako nani? Kimya. Kiingereza, vile vile. Wakamleta Mchina mmoja anayejenga barabara azungumze naye. Mchina akatikisa kichwa. Juzi Ugbad alimrekodi akinong'ona peke yake baada ya sala, akaituma sauti kwa mtaalamu wa lugha Nairobi. Leo jibu limekuja: ni lugha ndogo ya jamii ya Kiaustronesia, moja kati ya elfu na zaidi, kuanzia Madagaska hadi Hawaii.

"Ahsante kwa kutupunguzia kazi," Ugbad aliiambia simu. Akamgeukia mwenzake Siyad, akamlalamikia kwa Kisomali: walahi, mtu huyu atatuua. Mgeni akazidi kuinamisha kichwa.

Ndipo akaingia Eedo Nimo, "shangazi" wa kila mtu, muuza chai. Alimpa mgeni kikombe, akamsalimu kama anavyosalimu watu wote, kwa Kisomali, salamu nzima bila kuruka kitu. Ni amani? Watu wa nyumbani? Mvua? Mbuzi je?

"Mbuzi wazima," mgeni akajibu, kwa Kisomali safi cha wafugaji. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

Ugbad alikaa chini. "Siku tatu unatusikia," alisema.

"Na nyinyi siku tatu mnamwuliza jina kabla ya salamu," Nimo akamkatiza. "Mmelelewa wapi?"

Habari ikatoka polepole. Anaitwa Ramli, mvuvi wa kisiwa cha Selayar, Indonesia. Lugha yake ni Kilaiyolo. Wanaoisema hawafiki elfu moja. Maharamia waliwateka yeye na mwenzake wa kijiji kimoja, wakawauza kwa wafugaji wa Somalia wachunge mifugo. Mwenzake alikufa mwaka wa pili. Yeye alimaliza miaka saba, kisha akatoroka.

"Mwenzangu alipokufa nikawa naongea lugha yetu na mbuzi," alisema. "Waliielewa."

Ugbad akavuta fomu, hasira haijamtoka. "Sasa mbona hukutuambia?"

Ramli alimtazama Siyad, kisha Ugbad. "Nilisikia mnaongea Kisomali. Nikajua nimeuzwa tena." Akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Mbuzi wenu wako wapi?"