Aliyewatia Macho

Alhamisi jioni Desmond Pilley aliingia ukumbi wa kanisa la Wamethodisti pale Ollerby, nje kidogo ya Nottingham, akatundika koti lake la mvua, akabandika birika, kisha akasaidia kukunjua meza. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye meza kubwa rafiki yake Gerald Oakden alikuwa anatoa jeshi kwenye masanduku yenye sponji: askari wa miguu wenye makoti mekundu, wapanda farasi, mizinga, kila mtu na urefu wa kidole gumba. Aliwashika kwa vile vibao vya miguuni, maana pale kwenye klabu yao ya vita vya mezani, vinavyochezwa kwa askari wa plastiki, hakuna anayemshika askari kiunoni. Vidole vina mafuta, na rangi haipendi mafuta.

Jeshi lile walilitengeneza wawili tangu ujana wao. Gerald alikata viungo kutoka kwenye fremu za plastiki, akapiga tupa, akagundisha mkono kwenye bega na kichwa kwenye shingo, akapulizia rangi ya msingi. Kazi yake iliishia hapo. Mikono yake ilikuwa mizito, mikono ya muuza mazulia. Yaliyobaki yalikuwa ya Desmond: vifungo vya koti, matope kwenye soksi, ndevu za siku mbili kwenye shavu la sajini. Macho aliyatia mwisho kabisa, kwa burashi yenye unywele mmoja, huku amebana pumzi. Kabla hajatia macho, Desmond alimwita askari "kitu hiki." Akishayatia alimwita "bwana huyu," na hakumlaza tena chali.

Mwezi mmoja kabla ya Alhamisi hiyo walikuwa wamelipeleka jeshi kwenye maonyesho makubwa ya Nottingham, kushindania ngao ya jeshi bora lililopakwa rangi na mtu mmoja. Gerald ndiye aliyeandikisha, kwa jina lake. Desmond hakujali, alidhani ni jina tu la mapokezi. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, aliinama juu ya meza kwa muda mrefu.

"Haya macho," alisema, "nani kayatia?"

"Mimi," alisema Gerald.

Desmond alikuwa amesimama nyuma yake na vikombe viwili vya chai. Alisubiri Gerald ageuke, acheke, aseme natania, ni huyu hapa. Gerald hakugeuka. Wakarudi nyumbani na ngao kwenye kiti cha nyuma, Gerald akilalamika kuhusu foleni njia nzima. Iliuma. Iliuma kuliko siku mkewe Desmond alipofungasha virago, maana Pauline angalau aliaga.

Basi Alhamisi hiyo, katikati ya mchezo, Gerald alisogeza kikosi chake cha kwanza kuelekea kilima cha karatasi. Alipoondoa mkono, askari wakageuza vichwa. Wakageuka mabega, wakageuka miguu, wakaanza kutembea kuelekea ukingo wa meza, upande wa jikoni, ambako Desmond alikuwa anamimina chai.

"Nani kaigonga meza?" Gerald aliuliza.

Muriel Tunnicliffe, katibu wa klabu na mwamuzi wa michezo yote, alivaa miwani yake akavuta tepu ya kupimia. "Inchi sita," alisema. "Ni mwendo halali wa askari wa miguu."

"Lakini zamu yangu imekwisha!"

"Basi watasubiri zamu yako ijayo."

Wakasubiri. Zamu ya Gerald ilipofika wakatembea inchi sita nyingine, wakafika ukingoni, wakaanza kushuka kwa kitambaa cha meza. Muriel alifungua kitabu cha sheria, akasoma, akatangaza kwamba kikosi kinachotoka mezani kwa hiari yake kitahesabiwa kuwa kimekimbia vita. Hakuna aliyepinga. Hakuna pia aliyeuliza kilikuwa kinamkimbia nani. Gerald alishindwa mchezo ule, na kikosi kikakutwa jikoni kimejipanga mbele ya viatu vya Desmond, macho juu.

Toka hapo hawakukaa tena kwa Gerald. Aliwafungia kwenye kabati la kioo sebuleni, wakapita penye bawaba. Walishuka Chapel Lane kwa ukingo wa barabara, wa miguu kwa inchi sita, wa farasi kwa kumi na mbili, na penye majani nusu ya mwendo kama sheria inavyotaka. Majirani waliwaruka wakaendelea na safari zao. Kwa Desmond waliingia kwa kimlango cha paka kilichokatwa chini ya mlango wa nyumba. Paka mwenyewe alishakufa, lakini kimlango kilikuwa bado kinafunguka. Desmond aliwapokea, akawakausha kwa taulo ya jikoni, akawapanga dirishani. Hakuwauliza kitu. Siku za mwanzo alifurahi waziwazi, na nani angemlaumu? Ulimwengu mzima umenyamaza, halafu plastiki yako inakuja kwa miguu kukutambua.

Kila Alhamisi mchana Gerald alikuja kuwachukua.

"Wamefika?"

"Wamefika. Ingia, birika limechemka."

Gerald alikunywa chai, akala biskuti mbili, akawapanga askari kwenye masanduku, akashukuru, akaondoka. Kuhusu ngao hawakuzungumza. Ilitundikwa dukani kwa Gerald, juu ya mazulia ya sebuleni, na chini yake ilibandikwa picha ya gazeti la mji: Gerald ameshika burashi. Burashi yenyewe ilikuwa ya Desmond.

Ndipo Desmond akamfuata Muriel, wakiosha vikombe jikoni mwa kanisa.

"Muriel, wewe unajua nani kawapaka rangi wale mabwana."

"Nani asiyejua? Gerald hata siagi kwenye mkate hawezi kuipaka."

"Basi sema."

"Niseme ili iweje? Mchungaji alishataka kuwapa ukumbi wale wa mazoezi ya viungo. Tangu ile picha itoke gazetini anatuletea keki kwa mkono wake. Unataka tukachezee wapi, bafuni kwako?"

"Neno moja tu, Muriel."

"Des, we nawe! Askari wenyewe wanasema kila Alhamisi, mbele ya watu. Kuna ambaye hajaona?" Akamkabidhi kikombe akikaushe. "Tumeona wote. Haya, kausha, wanangoja chai."

Hapo Desmond alielewa kwamba tatizo halikuwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa unatembea barabarani.

Novemba ilipofika, barabara iliharibika. Mfereji wa Chapel Lane ulifurika ukachukua wapiga bunduki wanane. Wiki iliyofuata gari la maziwa likapita juu ya safu iliyokuwa inavuka. Dereva alishuka, akavua kofia, akaomba radhi, akaendelea kugawa maziwa. Desmond alitoka na kijiko na bahasha, akaokota alichoweza. Wawili walikuwa wamebaki vichwa tu, na vile vichwa vilikuwa bado vinamtazama.

Gerald naye alikuwa anahangaika kivyake. Alikuja Jumamosi, siku ambayo si yake, akatoa mfukoni mpiga ngoma mmoja, akamweka juu ya meza ya jikoni.

"Nilijaribu kumtia macho upya mwenyewe," alisema.

Mpiga ngoma alikuwa kengeza. Jicho moja lilimtazama Gerald, jingine Desmond. Alianza kutembea, akazunguka kopo la sukari, akalizunguka tena.

"Anafanya hivyo usiku kucha," alisema Gerald. "Doreen ameniambia nichague, mke au ngoma."

Desmond alimtazama yule bwana mdogo akizunguka. Alikumbuka alivyompaka zile kamba za ngoma, moja moja. "Umemharibu," alisema.

"Nimemharibu. Ndiyo maana nimekuja. Des, wafumbe macho wote. Kope tu, mstari mmoja. Wasipoona hawatatembea, na wasipotembea hawatakanyagwa. Unadhani mimi siumii? Nani aliwagundisha miguu ile?"

"Wewe."

"Enhee."

"Gundi ni yako, Gerald. Sijawahi kusema gundi ni yangu."

Gerald akakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Nitawafumba," alisema Desmond. "Lakini sema kwanza. Sikutumi kwenye gazeti wala kwa mchungaji. Sema hapa hapa, tuko wawili na birika. Sema, Desmond ndiye aliyewatia macho."

Gerald alifungua mdomo, na kwa kitambo Desmond aliamini kabisa kwamba neno litatoka. Askari wote dirishani walikuwa wamegeuka kumsikiliza.

"Tusianze, Des," alisema Gerald. "Unajua ilivyo."

"Sijui ilivyo. Niambie."

"Nilishasema. Mtu akishasema, amesema. Sasa nitarudi vipi?" Akanywa chai mpaka mwisho, akainuka. "Nawaacha hapa, basi. Wewe si mtu wa kuwaacha wafe barabarani."

Huo ndio ulikuwa ubaya wa Gerald: alimjua rafiki yake vizuri. Mimi ninayesimulia nisingewafumba macho hata farasi. Desmond alikaa na jeshi lile wiki nzima, taa yenye kioo cha kukuza imewashwa tangu asubuhi, na mvua inapiga kimlango cha paka. Alifikiria mfereji. Alifikiria gari la maziwa. Kisha akachanganya rangi ya ngozi, akabana pumzi, akaanza. Kila alipomfumba mmoja, yule aliacha kugeuka, akatulia palepale alipokuwa. Mbeba bendera alimwacha wa mwisho. Ndiye askari wa kwanza aliyepata kumpaka maishani, na macho yake yalikuwa hayako sawa, kazi ya mkono wa kijana. Alitazamana naye mpaka chai ikapoa. Halafu akamfumba.

Mpiga ngoma alimwacha na kengeza lake, akabaki akizunguka kopo la sukari.

Mwaka uliofuata Gerald aliliandikisha jeshi tena. Wakaenda Nottingham kwa gari lake. Mwamuzi alikuwa yule yule mama wa miwani ya mnyororo, naye aliinama juu ya meza kwa muda mrefu kuliko mwaka uliopita.

"Jeshi zima limefumba macho, kama linasali kabla ya vita," alisema. "Miaka yote hii sijaona kitu kama hiki. Wazo la nani?"

Gerald alinyoosha tai yake. "Langu," alisema.

Desmond alikuwa nyuma yake na vikombe viwili vya chai. Kwa mazoea alitazama mezani, akasubiri. Makoti mekundu yalikuwa yamesimama safu kwa safu, nyuso mbele, kope chini. Safari hii hakuna aliyegeuka.

Akampa Gerald chai yake, kabla haijapoa.