Maziwa ya Jumanne

Maziwa ya Zamzam yalishuka Jumanne asubuhi, dukani, akiwa amepiga magoti mbele ya bibi harusi wa kutoka Lakeville na pini mdomoni. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo za harusi katika duka moja la Roseville, huku ughaibuni, na bibi harusi huyu alitaka pindo lipandishwe kidogo, kisha kidogo tena, kisha lirudishwe pale pale lilipokuwa. Zamzam alisikia kifua kinamvuta kama mtu aliyebeba ndoo mwendo mrefu, halafu akaona matone yameanguka kwenye hariri nyeupe. Alitoa pini mdomoni moja moja, akaomba radhi.

"Una mtoto mchanga?" akauliza mama wa bibi harusi, akimpa karatasi ya kujipangusia.

"Ana miezi minane," Zamzam akasema.

Wala hakusema uongo. Mtoto alikuwa na miezi minane kweli, ila alikuwa kaskazini mwa Msumbiji, katika makao ya watoto waliopotezwa na vita, na Zamzam hajapata kumwona ila pichani. Kuzaa hakuwa amezaa. Mimba alishika huko nyuma, tena si moja, na kila mara ilitoka kabla hajawaambia watu, hata yeye na mumewe Faiz wakaacha kuzungumza habari hiyo, wakawa wanazungumza habari za theluji. Doa la maziwa halitoki upesi kwenye hariri, kwa hiyo alilikunjia ndani ya pindo.

Jana yake jioni, Zamzam na Faiz walikuwa wamekaa mbele ya Alice, afisa wa wakala wa kuasili watoto, mwanamke mpole wa Saint Paul anayezungumza polepole kama anayehofia kumwamsha mtu. Ndiye aliyewaonyesha picha. Akawaambia hizi ni hatua za mwanzo kabisa: nyumba haijakaguliwa, alama za vidole hazijachukuliwa, na mtoto hajaahidiwa mtu. Wasimtie moyoni bado. Zamzam aliitikia kwa kichwa, lakini moyo si mlango wa friji, useme utaufungua utakapo. Alishamtia. Tangu alipokuwa chuoni, Mombasa, alifundishwa kwamba matendo ni kwa nia, na yeye alitia nia pale pale kitini.

Faiz alikuwa dereva wa lile basi linalowatoa abiria maegeshoni na kuwapeleka uwanja wa ndege. Siku nzima anazunguka na hafiki popote. Aliporudi nyumbani Richfield na kuambiwa kwamba maziwa yameshuka, alivua koti kwanza.

"Upande gani?" akauliza.

"Pande zote mbili."

"Basi vizuri."

Ilikuwa vizuri kwa sababu ya maneno ya Ustadh. Walipomwendea kumuuliza, Ustadh wa msikitini kwao aliwaambia kulea yatima ni jambo lenye thawabu kubwa, lakini mtoto wa mtu hageuki kuwa wako kwa kubandikwa jina. Atabaki na ubini wa babake. Akiwa wa kike, akikua atajistiri mbele ya Faiz kama mbele ya mwanamume yeyote, ndani ya nyumba hiyo hiyo aliyolelewa. Isipokuwa anyonye kwa Zamzam, ashibe, mara tano. Hapo atakuwa mwanao wa kunyonya, na Faiz babake. Siku ile Zamzam alitoka msikitini akijiuliza, angemnyonyesha nini? Sasa jibu lilikuwa linalowesha blauzi.

Mamake Faiz alipata habari kwa simu, kule Mombasa, na alichouliza ni kama Zamzam anakula vizuri. "Mwanangu, usijikalie na mkate mkavu wa Kizungu," akasema. "Kunywa uji wa pilipili manga. Chinja kuku." Akaambiwa huku kuku hawachinjwi jikoni. Akasema basi anunue aliyekwisha chinjwa, kwani shida iko wapi?

Zamzam akanunua mashine ya kukamulia. Alikamua asubuhi kabla ya kwenda kazini, mchana katika chumba cha kujaribia nguo, na jioni akirudi. Chupa zikajaa friji, zikahamia friza, zikawasukuma samaki wakatoka. Jambo moja tu lilimkera: maziwa yale yalinuka moshi wa kuni na muhogo, naye nyumbani kwake anapikia umeme. Kuna siku yalitoka mepesi kama maji ya mchele, japo alikuwa amekula pilau akashiba. Siku nyingine yalikuwa na chumvi, kama ya mtu aliyetembea juani kutwa, na nje theluji ilifika magotini.

Alice alikuwa amewakataza kuwasiliana na makao. Alisema kila kitu kina njia yake. Lakini Mswahili hakosi mtu anayemjua mtu, na mtu wa msikitini akawapa namba ya Bi Anchia, mlezi mkuu wa yale makao. Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao, chenye Kireno ndani, ila walielewana. Akawaonyesha mtoto kwenye simu: msichana mwenye paji pana, anayetazama mambo kwa hasira kidogo. Pale makaoni walimpa jina la Ruqayya, maana alifika bila jina. Watu walipokuwa wanakimbia kijiji, mtu alimpokea mtoto akampandisha lori, na lori likaondoka kabla aliyemtoa hajapanda.

Faiz akaita, "Ruqayya! Ruqayya, mamangu!" Mtoto hakugeuka.

"Huyo haitikii hilo," akasema Bi Anchia. "Aitikia Atija. Kuna mwanamke mmoja yuaja hapa langoni, amwita Atija, na mtoto ageuka. Asema ndiye mamake. Mwanajuma, ndilo jina lake. Sasa hapa waja wengi, kila mmoja asema ni mama, siye twajuaje? Huyu alikuja Jumatatu ya juma lililopita, kifua kimelowa kweli. Tukamwambia arudi Jumatano, muuguzi awepo, amnyonyeshe tuone. Jumatano kaja mkavu! Hana hata tone. Muuguzi kamkamua mpaka yule mwanamke akapiga kelele. Tukamwambia, mama, nenda zako."

"Jumatatu alikuwa nayo," akasema Zamzam.

"Jumatatu alikuwa nayo."

"Na Jumatano hana."

"Hana. Na bado yuaja kila siku baada ya alasiri, asimama tu."

Zamzam aliaga vizuri, akamwombea dua, akakata simu. Kisha akaenda kukamua, kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Walipokaa kula jioni ile, alimweleza Faiz kwa maneno machache kwamba maziwa haya si yake, ni ya Mwanajuma, na yamehama Jumanne. Faiz alitafuna mpaka akameza.

"Una hakika?"

"Yananuka muhogo, Faiz. Mara ya mwisho nilikula muhogo lini?"

Faiz hakubisha. Alikuwa ameyanusa mwenyewe. "Mungu akigawa hakosei," akasema.

"Kwani amegawa, au amehamisha?"

"Huyo mama analala hemani, Zamzam. Hapa kuna daktari, kuna shule, kuna hita. Kule hata maji ya..." Ndege ikapita juu ya paa, naye akanyamaza mpaka ipite, kama wafanyavyo watu wote wa Richfield, waishio chini ya njia ya ndege. Ilipokwisha kupita hakumalizia. Akaomba chumvi, akapewa.

Ijumaa Alice alikuja kukagua nyumba. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akapima moto wa maji ya bomba, akabonyeza king'ora cha moshi kikalia, akaingia chumba cha mtoto. Faiz alikuwa amekipaka rangi ya manjano mpauko na kuunga kitanda kidogo kwa mikono yake. Alice akasifu kitanda. Akatikisa nguzo zake, hazikucheza. Mwisho akafika jikoni, akafungua friza, akaikuta imejaa chupa, kila moja imeandikwa siku yake.

"Mmejiandaa," akasema.

Zamzam aliona huu ndio wakati. "Alice, maziwa haya nimeyachukua kwa mamake mzazi. Yuko hai. Anakwenda langoni kila siku na wanamfukuza kwa kuwa hana maziwa. Hana kwa kuwa ninayo mimi."

Alice alimwekea mkono begani, na macho yake yakalengalenga. Akasema hisia hizo huwapata wazazi wengi wanaoasili, ya kwamba wamemnyang'anya mtu kitu, na hiyo ni dalili nzuri, inaonyesha moyo wa huruma. Kuhusu mama, alisema makao yamethibitisha kwamba mtoto hana mtu, na watu wa makao ndio walio karibu zaidi na jambo lenyewe. Kuna kikundi cha wazazi hukutana Jumamosi, kahawa ipo.

"Si hisia," akasema Zamzam. "Ni chupa. Hizo hapo."

"Naziona," akasema Alice. "Ni za kweli kabisa." Akafunga friza polepole ili baridi isipotee.

Jumapili Zamzam alichukua leso, akaikunja, akajitia majani ya kabichi yaliyotoka kwenye friji, akajifunga kifua akakaza mpaka pumzi ikawa fupi, kama walivyofanya shangazi zake walipowaachisha watoto ziwa. Akafunga kwa pini kubwa ya kazini. Faiz alimwona, akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Faiz akatazama ile leso, akaelewa, akaenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari ingawa hakuwa na safari.

Kufikia Jumatatu jioni alikuwa mkavu. Alidhani atasikia uchungu, au wepesi, au japo fahari ya mtu aliyetenda haki. Hakusikia kitu. Alirekebisha gauni, akapanda basi, akarudi.

Jumatano Bi Anchia alipiga simu mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu anayepeleka tanzia. "Yule Mwanajuma yamemrudia," akasema. "Tangu jana. Kaja blauzi yamchuruzika. Nimemwambia afisa wa ustawi, naye asema kesho Alhamisi, baada ya alasiri, atakuja atazame kwa macho yake. Akiyaona, mtoto ampa mamake, kesho hiyo hiyo. Nimekwambia mapema, dada, usije ukavunjika moyo."

"Na asipoyaona?"

"Asipoyaona ndiyo mwisho wake. Afisa kasema harudi tena kwa jambo hilo."

Faiz alikuwa amesimama karibu, na simu ilikuwa wazi, kwa hiyo hapakuwa na la kumweleza. Hakumlaumu mkewe. Angemlaumu, pangekuwa na pa kuanzia. Aliingia chumba cha manjano, akakaa sakafuni, akaanza kufungua kitanda. Alifanya kazi vizuri, kama afanyavyo kila kazi, skrubu akazitia kwenye kikombe zisipotee. Zamzam alisimama mlangoni akamtazama mumewe mgongo. Alimpenda sana. Akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi ya Alhamisi Faiz aliondoka mapema kwenda kuzungusha abiria. Zamzam alikoga, akajifunga leso tena, akavaa, akanywa chai. Nje jirani alikuwa ananguruma na mashine ya kusukumia theluji. Kule Msumbiji alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Zamzam alijua hilo bila kutazama saa, kwa sababu tangu siku ile ya kwanza mwili wake ulikuwa unakwenda kwa majira ya huko.

Alikaa kwenye ukingo wa bafu. Alimfikiria Mwanajuma, akajaribu kumwonea huruma, na huruma ikaja, nzima, wala haikupungukiwa na kitu. Ilikaa pale kando yake kama mgeni anayesubiri chai. Kisha akafungua pini, akaifungua leso, akaikunja vizuri akaiweka kando.

Maziwa yalikuja mara moja. Siku hiyo yalikuwa mazito kuliko siku zote, yana mafuta juu, yananukia nazi na karanga na samaki. Ilionekana watu wa kambini wamemchangia Mwanajuma, kila hema imetoa kidogo, apate kula ashibe kwa ajili ya leo. Chupa ya kwanza ikajaa, na ya pili, akasimama kutafuta nyingine huku yanamtiririka mpaka kiunoni.

Alipokuwa anajipangusa, simu ikalia.

"Hana kitu," akasema Bi Anchia. "Afisa kaja, kaona, kaenda zake. Hana kitu, dada."

"Nimesikia," akasema Zamzam. Nyuma ya sauti ya Bi Anchia alikuwa anasikia sauti nyingine, ya juu, isiyokatika. "Nasikia analia. Mbembelezeni, maskini."

"Si mtoto huyo," akasema Bi Anchia. "Mtoto amelala."

Zamzam akamshukuru kwa kumjulisha. Akafunika chupa, akabadilisha blauzi, akavaa viatu vya theluji, maana alikuwa na bibi harusi wa saa nne.