Mapazia Mekundu ya Sebuleni

Mkutubi, ndivyo wakwe zake walivyomwita kwa sababu ya kazi yake ya maktaba, aliolewa na mgane mwenye binti mmoja na mapazia mawili mekundu.

Binti hakumpa taabu. Alikuwa wa miaka kumi na mitano, mwembamba, na babake alimwita Nukta tangu utotoni hadi jina likamganda. Alisalimia, akaosha vyombo zamu yake ilipofika, kisha akajifungia chumbani. Mapazia ndiyo yaliyomkaba Mkutubi roho. Yalikuwa ya mahameli nzito, yenye vishada vya dhahabu, yameteremka kutoka juu mpaka sakafuni, na saa sita mchana sebule ilihitaji taa. Ukiyagusa tu, vumbi. Mkutubi alipiga chafya mpaka jirani wa ghorofa ya chini akawa anajua amerudi kazini.

Hata hivyo hakuthubutu kuyatoa. Mke wa kwanza alifariki akayaacha pale dirishani, na Mkutubi hakuwa mtu wa kuingia katika nyumba ya marehemu na kuanza kumfuta. Mara moja tu alimgusia mumewe, ambaye alikuwa fundi wa lifti na mtu wa maneno machache.

"Haya mapazia, baba Nukta..."

"Yaache kwanza," alijibu upesi, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Mkutubi akadhani ameelewa. Tangu hapo, kila Jumamosi aliyakung'uta taratibu kama anayemwogesha mgonjwa.

Jumamosi moja alikuwa jikoni aliposikia kishindo. Akatoka mbio, mikono ina povu. Bomba la pazia lilikuwa limeng'oka ukutani pamoja na kipande cha plasta, pazia moja limechanika kutoka juu hadi katikati, na Nukta amekaa sakafuni, amelikumbatia.

"Nilivuta tu," alisema. "Wallahi nilivuta tu kidogo."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi. Tutalishonesha. Usipotee hata uzi mmoja."

Wakalikunja, wakalibeba wote wawili kama wanahamisha godoro, mpaka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyeuza na vitambaa. Fundi alilitandaza mezani, akalivuta kidogo kwa vidole. Likachanika tena. Akavuta upande wa pili, nako vilevile.

"Mama, jua limekula hiki kitambaa," alisema. "Mimi nashona, sifufui. Chagueni kingine."

"Hakuna kingine," Mkutubi alisema, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Tafuta njia yoyote. Weka bitana, weka viraka. Haya ni mapazia ya mama yake huyu mtoto."

Nukta akageuka, akamtazama kama aliyesikia lugha ngeni.

"Ya mama? Mama aliyachukia haya mapazia kama kifo!"

Fundi akaona mkasi wake una uchafu, akaanza kuufuta.

"Yaliletwa na shangazi," Nukta aliendelea, na maneno yaliyokuwa yamefungiwa chumbani miezi yote yakatoka kwa mpigo. "Nyumba ilipokuwa mpya. Mama akifungua asubuhi, alikuwa anainama hivi, kama mwigizaji, anasema, 'Karibuni, onyesho limeanza.' Alitaka kuyatoa, ila alimwogopa wifi yake. Na baba anamwogopa dada yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe unayakung'uta kila Jumamosi! Nilijua unayapenda. Yalipoanguka nikasema leo ndiyo leo, mama wa kambo atanionyesha rangi zake."

Kicheko kikamtoka Mkutubi puani, na Nukta akacheka pia, mwanzo kwa woga, halafu mpaka akashika meza.

Walipotulia ikabaki kazi ya kuchagua. Ukutani palining'inia aina nyingine, ile ya vibao vyembamba vinavyojifunga na kufunguka ukivuta kamba.

"Mama alitaka hii," Nukta alisema, akaigusa.

Mkutubi angeweza kusema tuichukue, na ingekuwa rahisi. Lakini alimtazama yule binti akauliza, "Na wewe je?"

Nukta akavuta kamba, vibao vikagongana kwa kelele. "Mimi siipendi," alisema polepole. "Inanikumbusha ofisi ya daktari. Ni vibaya?"

"Si vibaya. Hata mimi siipendi. Kila kibao kitataka kufutwa peke yake, na nani atafuta?"

Mkutubi alitaka buluu, Nukta akasema buluu itawafanya waonekane wagonjwa. Nukta alitaka manjano, Mkutubi akasema hilo ni jua juu ya jua. Waligombana kwa raha mpaka wakaangukia pamba nyepesi ya rangi ya mchanga, yenye mistari ya kijani, na bitana kwa ajili ya jua la alasiri.

Baba Nukta ndiye aliyeyatundika mapazia mapya. Alitoboa ukuta, akakaza skrubu, akashuka ngazi, akasimama katikati ya sebule iliyojaa mwanga.

"Kumbe tuna ukuta mzuri," alisema. Kisha akakuna shingo. "Dada akija je? Yeye ndiye aliyenilea."

Dada akaja Jumapili. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama dirisha.

"Mapazia yangu yako wapi?"

"Yako kwa dobi," alisema baba Nukta.

"Yameoza, wifi," Mkutubi alisema. Aliona heri nusu shari kuliko shari kamili. "Moja limechanika. Na hata yasingeoza, ningekuomba ruhusa niyatoe. Yalinitia giza."

"Marehemu aliyatunza miaka yote, hakulalamika."

"Mama alikuwa anakuogopa, shangazi," Nukta alisema.

Shangazi mtu aliketi polepole bila kukaribishwa, mkoba mapajani. Alionekana mdogo kuliko alipoingia.

"Aliniogopa," alisema. "Mimi nilikuwa nikija hapa nayaona, nafurahi, nasema huyu mke ananipenda." Akafuta jicho kwa ncha ya kidole. "Angeniambia. Ningenuna wiki moja, yakaisha."

Chai aliinywa, lakini hakuongea sana. Alipoondoka alidai lile pazia zima lililobaki, akalibeba kwapani mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Baada ya siku chache simu ya Mkutubi ililia akiwa maktaba. Alikuwa ni wifi yake, ambaye hakuwahi kumpigia hata mara moja.

"Nimelitundika kwangu," alisema, bila salamu. "Nimejigonga kwenye meza mchana kweupe. Huyo fundi wenu anakaa wapi?"

Mkutubi alimwelekeza kwa kunong'ona, akaongeza kwamba akipenda wanaweza kwenda pamoja.

"Mimi si mtoto wa kushikwa mkono."

"Sawa, wifi."

Wifi akakohoa upande wa pili.

"Jumamosi saa nne asubuhi. Usichelewe, na uje na huyo mwanao mwenye ulimi."