Mgonjwa Namba Kumi na Saba

"Amekufa, Ezekiel. Nikwambie mara ngapi?"

"Na mimi nikwambie mara ngapi, dada Yuliana? Nimeongea naye Alhamisi, kwa mdomo wangu huu. Nikamuuliza, wewe ni Kondo? Akasema ndiye. Maiti gani inapokea simu?"

Yuliana alivuta kiti cha chumba cha dawa akakaa, kwa sababu kusimama na kugombana kwa wakati mmoja kulikuwa kumemshinda. Kifua kilikuwa bado hakijarudi. Wiki tatu zilizopita alikuwa amelala nyumba ya nyuma ya zahanati, anahema kama mtu aliyebeba gunia, na hata leo sentensi ndefu ilimkatikia katikati.

Mezani, kati yao, ilikuwa fomu ya mwisho. Wagonjwa waliopewa dawa: arobaini. Waliopona: thelathini na tisa. Asiyepatikana: mmoja. Chini yake jina la Yuliana lilikuwa limeshachapwa, Muuguzi Msimamizi, na mstari wa nukta ukisubiri saini.

Karibu na mlango ulikuwa mkoba wake, umeshafungwa. Gari la Ezekiel lilikuwa nje, na njia yake ilipita Mkuyuni hadi mjini, hadi Kihonda, ambako Irene na Jesca hawakuwa wamemwona mama yao kwa wiki sita. Saini moja, kisha safari. Hilo ndilo lililomchosha zaidi: jinsi lilivyokuwa jambo dogo.

"Hebu nieleze kwa utaratibu," Ezekiel alisema, akashusha barakoa mpaka kidevuni. Alikuwa mratibu wa timu iliyoleta dawa, mtu wa Iringa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Yuliana angependa awe mbaya, ugomvi ungekuwa mwepesi. "Wewe ulikuwa mgonjwa. Umejuaje habari za huyu namba kumi na saba?"

"Nimejua leo asubuhi. Dada yake alikuja kuchukua vidonge vya presha, kichwa kimenyolewa. Nikamuuliza msiba wa nani. Akasema wa kaka yake."

"Labda kaka mwingine."

"Hana mwingine."

Dawa yenyewe ilikuwa maji ya mizizi na majani, imechemshwa mjini na kutiwa katika chupa za kahawia. Ilikuja wakati ule watu walipokuwa wanaita ugonjwa changamoto ya upumuaji, kana kwamba pumzi ni somo ambalo mtu hakulisoma vizuri. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa heshima. Wagonjwa arobaini wapewe chupa, arobaini wengine watunzwe bila chupa, na wote wafuatwe majumbani siku ishirini na nane, muuguzi akiwa na kipimo cha kidoleni, aone mwenyewe nani anapumua na nani hapumui.

Yuliana aliujua utaratibu huo. Miaka michache nyuma walijaribu dawa ya minyoo kwa watoto wa shule, na kila kidonge kilimezwa mbele ya macho yake, mdomo ukafunguliwa, ulimi ukainuliwa. Mwaka mzima. Kwa minyoo!

Safari hii haraka ilikula kila kitu. Wiki ya kwanza lile kundi la pili lilifutwa, kwa kuwa nani atakubali mzazi wake anyimwe dawa iliyo kabatini? Wiki ya pili siku ishirini na nane zikawa kumi na nne. Wiki ya tatu Yuliana akaanguka, na hakukuwa na wa kupanda milima. Ezekiel akapiga simu kuuliza wafanyeje. Yuliana, homa ikiwa imempanda kichwani, akasema: "Pigeni simu tu. Watu wangu hawa, watawaambia ukweli."

Maneno hayo aliyasema yeye, wala hakuwa na wa kumsukumia lawama.

"Mpigie," alisema sasa. "Weka spika."

Ezekiel akabonyeza. Simu ikaita mara mbili.

"Kondo hapa," ikaitika sauti, changa, ya mtu aliyesimama shambani. Nyuma yake jembe liligonga jiwe.

Ezekiel alimtazama Yuliana kama mtu aliyeshinda kesi. Yuliana akaiinamia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeinuka?"

Uso wa Ezekiel ukakunjamana. Mwenye sauti ile hakufika miaka thelathini, na mama huyu anayemwamkia alikuwa na arobaini na nne.

"Nimeinuka, namshukuru Mungu. Pole na msiba. Nilikuwa kitandani, sikuweza kufika."

"Tumeshapoa, mwanangu. Matanga tuliyamaliza kwa siku mbili, watu waliogopa kukusanyika. Nikapewa jina hapo hapo, hata pombe haikuiva."

"Marehemu alikwenda siku ya ngapi tangu aanze chupa?"

"Ya tisa. Sisi tulitaka kumshusha mjini akapewe hewa. Mwenyewe akakataa, akasema dawa mmeileta ninyi mpaka mlangoni, tuipe muda. Tukaipa muda."

Jembe lilikuwa limenyamaza.

"Lakini mimi nilikupigia!" Ezekiel alipayuka. "Nilikuuliza kama Kondo ni mzima!"

"Uliniuliza. Na mimi ni mzima, si unanisikia? Hukuuliza habari za aliyekunywa dawa. Uliuliza, Kondo yupo? Ningesema hayupo, ningekuwa nimeuzika ukoo mzima. Kondo yupo. Alikuwepo kabla hujazaliwa wewe, na utamkuta."

"Asante, mjomba," Yuliana alisema. "Nitapanda kuwapa pole."

Simu ikakatika. Ezekiel akaiangalia kama imemng'ata.

"Huyo ni nani?"

"Alikuwa Yeremia. Mtoto wa yule dada mwenye presha. Kwetu Uluguru mzee mwenye jina akifa, mtoto wa dada yake analirithi. Analichukua jina na kiti chake, na tangu siku hiyo watoto wa marehemu wanamwita baba, wazee wanamwamkia. Hakukudanganya hata kidogo."

"Kwa hiyo nimemwandika maiti amepona."

"Umemwandika. Na mimi ndiye niliyekwambia upige simu, na mimi nimezaliwa huku, nikasahau."

Ezekiel akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha akajikaza. "Sawa. Tumtoe. Thelathini na nane wamepona, mmoja amefariki, mmoja hajapatikana. Bado ni dawa nzuri sana. Saini, twende."

"Na wale wengine wazee? Ninao kumi na mmoja humo wenye majina ya kurithiwa. Na wale wanaochangia simu moja nyumba tatu? Nani alipokea?"

"Dada, unataka tuanze upya? Jumatatu chupa zinatawanywa zahanati zote za huku milimani. Wanasubiri karatasi hii tu."

"Najua wanasubiri. Nimeusoma mwongozo wao. Mgonjwa apewe chupa kwanza, aangaliwe siku tatu, ndipo ashushwe hospitali." Yuliana alisita avute pumzi. "Siku tatu, Ezekiel. Mtu anayehitaji hewa. Kondo alisubiri tisa kwa sababu alituamini."

Ezekiel akageukia dirisha. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Mama yangu yuko Dakawa. Anaitumia tangu Jumapili. Nilimpelekea chupa nne mwenyewe. Usiniambie haifai."

Hapo hasira yote ya Yuliana ilimwishia, ukabaki uchovu mtupu. Alimwona alivyo, mtoto wa mtu aliyekwenda na kisanduku cha chupa mgongoni kwa sababu hakuwa na kingine cha kupeleka.

"Sijasema haifai, mdogo wangu. Huenda inafaa. Huenda hawa wangepona hata kwa uji na kulala. Mimi sijui, na wewe hujui. Ndiyo habari tuliyo nayo."

"Kutojua hakuandikwi kwenye fomu. Hakuna hata kisanduku chake."

"Basi nitakichora."

Alivuta fomu. Akakata ile thelathini na tisa kwa mistari miwili. Pembeni akachora kisanduku, akakitia alama, na mbele yake akaandika kwa herufi kubwa za darasani: HAIJULIKANI. Chini akaongeza: Namba 17 alifariki siku ya tisa. Wengine hawajaonwa kwa macho. Nakwenda kuwaona. Dawa isicheleweshe mgonjwa kushushwa. Kisha akasaini, hapo, juu ya maneno yake mwenyewe, na kuuacha wazi ule mstari wa nukta.

"Wataniua mjini," Ezekiel alisema.

"Watakufokea. Ni tofauti." Akampa karatasi. "Mama anahemaje?"

"Akizungumza anakatika."

"Kama mimi, au zaidi?"

Alifikiri. "Zaidi."

"Basi usipitie ofisini. Nenda Dakawa moja kwa moja, umweke kwenye gari umpeleke hospitali. Chupa anywe akitaka, lakini anywe akiwa kitandani huko huko. Karatasi itafika kesho."

Ezekiel alisimama na fomu mkononi. Aliutazama mkoba ulio mlangoni, akamtazama mwenye mkoba.

"Utapanda na kifua hicho?"

"Nitapanda polepole. Nenda, bwana."

Akaenda. Hakukunja karatasi, aliiweka kifuani ndani ya shati. Gari lilishuka kwenye kona za udongo mwekundu kwa mwendo ambao Yuliana angemkemea siku nyingine.

Aliurudisha mkoba chumbani, akampigia Irene. "Siji leo. Pika ulichonacho, mwogeshe mdogo wako." Mtoto akaanza kulia, naye akasema, "Lia, lakini upike," akakata kabla sauti yake mwenyewe haijaharibika.

Alichukua kipimo cha kidoleni, orodha, kalamu, na fimbo iliyoachwa na mgonjwa fulani. Akafunga zahanati.

Nyumba ya mgonjwa namba moja, Chausiku, ilikuwa juu ya chemchemi, mwendo ambao zamani aliumaliza bila kukohoa. Sasa alipumzika mara nne. Mara ya tatu alikaa chini kabisa, katikati ya njia, pembeni ya bustani ya kabichi ya mtu, akasubiri dunia itulie. Kisha akainuka.

Mlango ulikuwa umeegeshwa.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Nani?"

"Yuliana wa zahanati. Chausiku ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Toka nje, mama," alisema, akiwa ameshika kizingiti. "Nataka nikuone uso."