Mfalme Aliyempa Hamroqul Kisogo

Jumanne asubuhi, chini ya kuba la soko la Bukhara, Hamroqul alikuwa akifuta kioo cha kabati lake la sarafu za kale alipoingia ajuza mmoja, Bibi Saltanat. Hakumjulia hata hali. Alichungulia nyuma ya pazia akauliza, "Oydin yupo?"

Huyo alikuwa mtu wa tatu kuuliza hivyo tangu kulipopambazuka. Duka lilikuwa la Hamroqul, leseni yake, na baba yao alimfundisha kazi yeye kwanza. Hata hivyo, kwa miaka sita watu walimpita pale mbele kama wanaopita mlango, wakamtafuta Oydin, dada yake mdogo. Alijiona mgeni dukani mwake.

Oydin alitoka na birika la chai. Bibi Saltanat akafungua leso. Ndani mlikuwa na sarafu ya fedha, nyembamba kama jani, iliyoanguka kutoka ukuta wa jiko lake ulipobomoka. Mfalme aliyekuwa juu yake alivaa taji lisilopatikana katika kitabu chochote cha sarafu. Jumba la makumbusho lilikuwa tayari kuipokea na kuandika jina la aliyeithibitisha, mradi kuwe na cheti.

"Nipe tupa," alisema Hamroqul. "Nikwangue ukingoni tuone kama ndani ni shaba."

"Utajua, kaka, na utakuwa umeshaiharibu. Kwani mtu ukitaka kujua kama yu hai unamchinja?"

Bibi Saltanat alicheka. Hamroqul hakucheka.

Oydin hakuisugua wala kuisafisha. Aliishika ukingoni, akaipitishia sumaku, haikuvutwa. Akaipima kwenye mizani, kisha akaifunga uzi akaipima tena ikining'inia ndani ya maji. Uzito uliopungua ulikuwa ule wa fedha. Mwisho akachukua kioo cha kukuzia, akatafuta mshono wa kalibu na vitundu vya hewa. Havikuwepo.

"Hii imegongwa kwa nyundo, haikumiminwa. Ni halisi, bibi."

Hamroqul aliichukua mkononi. Tangu leso ilipofunguliwa naye alijua ni halisi.

"Bandia," alisema.

Mfalme wa kwenye sarafu akageuka. Aligeuka polepole, kama mzee anayejigeuza kitandani, mpaka pakabaki kisogo na ncha za utepe wa taji.

"Amekupa kisogo," alisema Bibi Saltanat, akinyoosha kikombe aongezewe chai.

"Naona."

"Hebu mpe mwenzio."

Mikononi mwa Oydin mfalme aligeuka tena, akakohoa vumbi la ukutani. Mikononi mwa Hamroqul, kisogo. Walijaribu mara nne. Muuza mazulia wa jirani alikuja kutazama, akasema mbuzi wa mke wake naye humfanyia hivyo hivyo, akarudi kwenye biashara yake.

"Haya, ni halisi," alisema Hamroqul. Mfalme hakugeuka. "Lakini saini ni yangu."

"Kazi kaifanya Oydin!"

"Leseni ya nani, bibi?"

Oydin alikuwa ameshaweka wino mezani. "Tia saini, kaka. Bibi asichelewe basi lake."

Sarafu ilipelekwa jumba la makumbusho, na Hamroqul aliiweka kwenye sanduku la kioo kwa mkono wake. Chini yake pameandikwa: Imethibitishwa na Fundi Hamroqul. Watalii huja kutoka mbali kumwona mfalme wa pekee aliyechorwa kwa nyuma, na vitabu vipya vimeshaeleza sababu zake.

Kila Jumapili Oydin hukata tiketi kama watu wengine. Akisimama mbele ya sanduku, mfalme hugeuka, wakatazamana.

"Dada, usikae sana," mlinzi humwambia kwa upole. "Wageni wamelipia kisogo."

Oydin husogea pembeni. Akishaondoka, Hamroqul hutoka nyuma ya nguzo, akamwuliza mlinzi leo mfalme alimtazama dada yake kwa dakika ngapi.